Utelezi wanaoutafuta mabingwa wa dunia, Gairo upo bure

UKIWA kwenye basi la mashabiki linalotoka Dar es Salaam kwenda kuangalia mechi Jamhuri Dodoma, Gairo ni pale ambapo baridi inaanza kuingia dirishani na watu wananyoosha mikono kununua viazi vitamu. Wengi wanachokumbuka ni upepo na viazi. Wachache wanatupa jicho kwenye kijiwe cha bodaboda pembeni ya lami, ambako msimu wa mvua pikipiki zinakuwa zimepakwa tope jekundu mpaka kwenye taa ya mbele.

Tope hilo halitoki mjini. Linatoka juu, milima ya Ukaguru, kwenye njia za kwenda Nongwe, na upande mwingine kwenye barabara za kuelekea Chakwale na Iyogwe. Wilaya ya Gairo ilizaliwa mwaka 2012 kutoka Kilosa, na lami yake kubwa ni ile ile ya Morogoro kwenda Dodoma. Ukiiacha hiyo, kinachobeba watu, mbolea, maharage, mahindi, mgonjwa na mjamzito ni pikipiki. Mvua zikishika, njia inageuka sabuni.

Hapo ndipo kuna mchezo ambao haupo kwenye ratiba ya ligi yoyote, na unachezwa kila siku bila refa.

Dogo wa Gairo anajifunzaje pikipiki? Anaazima ya kaka yake jioni, anaingia nayo uwanja wa shule, kaka anamwonyesha klachi, gia na breki. Siku tatu, nne, ameshaiva. Anatafutiwa bosi, anapewa chombo kwa hesabu ya kila siku au kwa mkataba, anaingia kijiweni. Mpaka hapo yupo fresh, maana kumekauka. Halafu inakuja mvua. Mara ya kwanza ya maisha yake kusikia tairi la nyuma likimtoka, yupo kwenye mteremko, nyuma kambeba mama mwenye mtoto mgongoni na beseni mkononi.

Ni sawa na kocha kumpa dogo mechi ya kwanza iwe dabi ya Kariakoo, mvua inanyesha, na amevaa raba zisizo na meno.

ROBERTS ALIPOWASHANGAZA WAZUNGU

Sasa sikia hii. Wapo watu duniani wanaoendesha pikipiki zinazopita kilomita 300 kwa saa kwenye lami safi kuliko uwanja wa ndege, na bado wakitoka kazini wanakwenda kutafuta vumbi na udongo wa kutelezea. Hawana shida ya usafiri. Wanakwenda kusoma.

Habari inaanzia Marekani. Huko kuna mashindano ya zamani ya pikipiki kwenye mzunguko wa udongo, wenye umbo la yai kama uwanja wa riadha. Mfupi una kama mita 400, mrefu unafika mita 1,600, na wote mnakata kushoto tu. Kona zinapigwa kwa mtelezo: tairi la nyuma linatupwa nje kwa makusudi, usukani unageuzwa upande wa pili, mguu wa kushoto unaburuzwa chini ukiwa umevalishwa kiatu cha chuma. Kwa miaka mingi pikipiki hizo hazikuwa na breki ya mbele kabisa.

Kenny Roberts wa California alikuwa bingwa wa Marekani kwenye michuano hiyo mwaka 1973 na 1974. Mwaka 1978 akaenda Ulaya kushindana kwenye lami, daraja la juu kabisa la wakati huo, pikipiki za sisi 500. Akachukua ubingwa wa dunia msimu wake wa kwanza. Akachukua tena 1979. Akachukua tena 1980.

Wazungu wa Ulaya walikuwa wanapiga kona kwa ustaarabu, tairi zote mbili kwenye mstari mmoja. Pikipiki zile zilikuwa na nguvu kuliko uwezo wa matairi yake kushika lami, kwa hiyo kila aliyefungua moto akitoka kwenye kona, nyuma ilitaka kukimbia. Kwa mwingine hiyo ilikuwa ajali. Kwa Roberts ilikuwa Jumamosi ya kawaida nyumbani kwao.

Angalia matokeo yake. Kuanzia 1978 mpaka 1993 ni misimu 16, na Wamarekani walibeba ubingwa wa dunia wa 500 mara 13. Freddie Spencer, Eddie Lawson na Wayne Rainey ni wa kundi hilo, na wote walikulia kwenye udongo kabla ya kugusa lami. Roberts mwenyewe alikuja kuwa na uwanja wa udongo kwenye shamba lake, ambako mabingwa walikuwa wanafukuzana kwa vipikipiki vya sisi 100. Bingwa wa dunia juu ya kapikipiki kadogo kuliko Boxer ya kijiweni, anazunguka kwenye vumbi mchana kutwa!

Hawakuwa wanatania. Pikipiki ndogo inateleza taratibu, inakupa muda wa kuhisi kinachotokea na kukisahihisha, na ikikuangusha unaamka unajipangusa. Somo ni lile lile.

Baadaye Casey Stoner, aliyeanza mbio za udongo akiwa mtoto kule Australia, alichukua ubingwa wa MotoGP mwaka 2007 na 2011. Nicky Hayden wa Kentucky, mtoto wa mizunguko ya udongo, alichukua wa 2006. Valentino Rossi, ambaye kwa mashabiki wa pikipiki ni kama Messi na Ronaldo kwa pamoja, alijenga uwanja wake wa udongo karibu na kijiji chao cha Tavullia, Italia, na vijana anaowalea wanafundishwa hapo. Mmoja wao, Francesco Bagnaia, akawa bingwa wa dunia mwaka 2022 na 2023.

Kwa shabiki wa soka anayeona haya mambo ni ya mbali: Wembley ya zamani, ile ile ya fainali ya Kombe la Dunia 1966, ilikuwa na mbio za pikipiki za udongo kuzunguka uwanja. Fainali ya kwanza ya dunia ya mchezo huo ilipigwa pale mwaka 1936. Pikipiki zake hazina breki hata moja, si mbele si nyuma. Unapunguza mwendo kwa kuteleza.

TAIRI LA MBELE HALITOI ONYO

Kwa hiyo wanajifunza nini hasa kule kwenye udongo?

La kwanza ni kutoogopa tairi la nyuma. Nyuma ikianza kutoka, mwili wa binadamu unataka kufanya vitu viwili kwa mpigo: kufunga moto na kubana breki. Vyote viwili vinaua. Ukifunga moto ghafla, tairi lililokuwa linateleza linashika ardhi kwa mara moja, pikipiki inajinyoosha kama fimbo iliyoachiwa, na wewe unarushwa juu upande wa pili. Waendeshaji wa mashindano wanaogopa anguko hilo kuliko la kulala tu na chombo. Kinachotakiwa ni kushikilia moto pale pale au kuupunguza kidogo kidogo, usukani ukiuacha uelekee unakotaka kwenda, na macho yaende huko huko. Ukiliangalia shimo, utaliingia.

Maneno haya kuyasoma ni rahisi. Mkono kuyatii ndani ya nusu sekunde ni kazi ya marudio mia mbili, ndiyo maana wenzetu wana uwanja.

La pili ni tairi la mbele. Nyuma inapotoka inakupa taarifa, unaisikia kwenye makalio. Mbele haina salamu. Ikitoka, umeshalala. Na kinachoitoa mara nyingi ni vidole vya mkono wa kulia kwenye breki. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi na dereva mzuri anaitegemea. Kwenye tope la mteremko wa Nongwe, ukiibana kwa pupa kama unakamua chungwa, habari imeisha. Mwanafunzi wa udongo anafundishwa kupunguza mwendo mapema, pikipiki ikiwa bado imesimama wima, kwa gia na breki ya nyuma, halafu ya mbele anaigusa kama anagusa yai.

La tatu ndilo linalowachanganya wengi. Umemwona mtu wa MotoGP anavyoning'inia ndani ya kona mpaka kiwiko kinagusa lami? Kwenye udongo ni kinyume. Pikipiki inalazwa, mtu anabaki amekaa wima juu yake, kiwiko cha nje kimeinuliwa, uzito umewekwa upande wa nje ili ukandamize tairi chini. Chombo kikitoka ghafla, mtu yupo juu ya uzito wake na ana nafasi ya kujirudisha. Aliyelala nacho anakwenda nacho.

Beki mzuri kwenye uwanja wa matope anafanya hivyo hivyo bila kufundishwa na mtu wa pikipiki. Hatua fupi, kiwiliwili wima, hakati kona kwa mguu mmoja. Anayejaribu kugeuka kwa mbwembwe ndiye anayeonekana kwenye picha ya gazeti akiwa amekaa chini.

LUMBESA, FRI NA TAIRI LA KIPARA

Gairo ina mambo yake ambayo hata Rossi angekuna kichwa.

Kuna mzigo. Dereva wa mashindano yuko peke yake juu ya chombo. Wa Gairo ana abiria, mara nyingine mshikaki wa abiria wawili, mara nyingine gunia la lumbesa limefungwa nyuma kwa mpira. Uzito wote huo unakaa juu ya ekseli ya nyuma au nyuma yake kabisa, na unachofanya ni kuinua mbele. Tairi la mbele linakuwa jepesi, na tairi jepesi halipindi. Akipandisha mlima ndiyo kabisa, usukani unakuwa kama wa baiskeli ya maonyesho. Dereva mwenye akili anasogeza mzigo mbele iwezekanavyo, yeye mwenyewe anakaa karibu na tenki, na anakataa lile gunia la pili hata kama mwenye mzigo anamwita mwoga.

Kuna fri. Madereva wengi wakiona mteremko mrefu wanaweka fri au wanazima injini kabisa, wanashuka bure ili kuokoa mafuta. Kwenye kiangazi ni ujanja wa mjini. Kwenye utelezi ni kujinyima msaada mkubwa kuliko wote. Gia ya kwanza au ya pili, klachi imeachiwa, injini yenyewe inalishika tairi la nyuma taratibu bila kulifunga. Ukiweka fri umebaki na breki peke yake, na breki kwenye tope inalifunga tairi, na tairi lililofungwa ni kama ski. Hela ya mafuta iliyookolewa hapo haifiki hata robo ya bei ya taa moja ya mbele.

Kuna matairi. Tairi la kipara kwenye lami kavu linaweza kukusamehe, kwenye udongo wa mfinyanzi halina huruma. Lakini hata tairi jipya lenye meno likishajaa tope linakuwa kipara kwa muda, mpaka lipate sehemu ya kujikung'uta. Wapo wanaopunguza upepo ili tairi lilale kidogo na kushika eneo kubwa. Wapo wanaozungushia cheni tairi la nyuma. Cheni inasaidia kupanda, hilo halina ubishi, ila haifanyi chochote kwa tairi la mbele, na dogo anayejiona ana cheni ndiye huyo anayeshuka kwa kasi.

Na kuna ile mvua ya kwanza. Watu wanaogopa mvua kubwa, kumbe siku mbaya ni ile ya manyunyu baada ya vumbi la miezi. Juu panalowa, chini pakavu, katikati kuna utando kama mlenda. Kwenye lami nako mafuta yaliyomwagika kiangazi chote yanaelea juu. Mvua ikipiga sana inasafisha. Manyunyu hayasafishi kitu.

Madereva wakongwe wa Nongwe wanajua mengi ya haya bila kusoma popote. Wanashusha miguu yote miwili kama wanaogelea, wanatumia gia ndogo, wanamteremsha abiria pale ambapo pabaya ili atembee hatua hamsini. Huo ni ujuzi wa kweli kabisa. Tatizo ni ada yake. Kila mkongwe ameilipa kwa kuanguka, na katika kila anguko aliloamka kuna mwingine ambaye hakuamka, au aliyeamka na mguu wenye chuma ndani. Siyo siri kwamba kwenye hospitali nyingi nchini watu wameshaipa wodi ya mifupa jina la bodaboda.

Hata mabingwa wanaumia, asidanganye mtu. Februari 2014 Marc Márquez alivunjika mfupa wa mguu akifanya mazoezi kwenye udongo huko Hispania, wiki chache kabla ya msimu. Akarudi, akashinda mbio kumi za kwanza mfululizo. Rossi alivunjika mguu Agosti 2017 akijifua na pikipiki za porini. Tofauti ni kwamba walianguka wakiwa na helmeti, mabuti, magoti yaliyokingwa na daktari karibu. Dogo wa kijiweni anaanguka na yeboyebo mguuni, helmeti imening'inia kwenye usukani.

KIWANJA KIPO

Ukiuliza Gairo ikose nini ili ifanye kinachofanyika Tavullia, jibu linashangaza. Udongo upo. Utelezi upo, tena wa kupitiliza. Pikipiki ndogo za sisi 100 na 125, zinazokaribiana kwa ukubwa na zile Roberts alizowapa mabingwa, ndizo zilizojaa kijiweni. Majirani nao hawajalala: Uganda na Kenya wana motokrosi, na huko watoto wanaanza wadogo.

Kinachokosekana ni sehemu ya kukosea bila abiria, na mtu wa kusimama pembeni kusema rudia.

Hapa mashabiki wa soka wasipige kelele, hakuna anayetaka pikipiki ziingie uwanja wa mpira. Uwanja wa watu ukichimbwa na matairi msimu wa mvua, mpaka Juni timu inacheza kwenye matuta. Lakini nyuma ya goli kuna ardhi. Kiwanja cha mnada kinakaa kitupu siku nyingi za wiki. Matairi mawili mabovu yakiwekwa umbali wa mita 30, hapo umepata mzunguko wa yai. Siku kavu, ndoo chache za maji kwenye kona zinatosha kuleta somo.

Zoezi la kwanza siyo hata kona. Ni kwenda mwendo wa baiskeli, kukanyaga breki ya nyuma mpaka tairi lifunge, kulisikia linavyoburuta, kuachia, kurudia. Siku nyingine ni mzunguko gia ya pili bila kugusa breki ya mbele, mguu wa ndani umenyooshwa mbele, kiwiko juu. Kisha kubadilisha upande, kwa sababu wenzetu wanakata kushoto tu ila njia ya Iyogwe haina upendeleo. Kisha na mfuko wa mchanga nyuma, uzito wa abiria, ili mkono ujue mbele inavyokuwa nyepesi. Wote helmeti, mabuti ya mpira kama hakuna mengine, suruali nzito, mmoja mmoja kwenye mzunguko. Wakianza kufukuzana tu, kocha azime.

Sababu ya mwisho huo ipo. Norwei waliwahi kuwalazimisha madereva wapya wa magari kusoma kozi ya kuendesha kwenye utelezi, wakidhani ajali zitapungua. Kwa vijana wa kiume zikaongezeka. Vijana walitoka darasani wanajiona mafundi, wakaanza kukimbia pale ambapo zamani walikuwa wanaogopa. Walichopata ni kujiamini tu, ujuzi wenyewe haukuwa umeingia mwilini.

Huu ndio ugumu wa jambo lenyewe, na ndiyo sababu kocha ni muhimu kuliko pikipiki. Mafunzo ya bodaboda yaliyopo nchini tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo cha biashara ya abiria yanabeba zaidi sheria, alama za barabarani na leseni. Hayo yabaki. Ila alama ya barabarani haipo kwenye njia ya Nongwe. Dogo anayezungushwa na mtu makini kwenye tope, akaanguka mara kumi kwa mwendo wa baiskeli, anaondoka na picha kichwani ya mahali uwezo wake unapoishia. Akifika kwenye mteremko halisi, na mama nyuma na mtoto mgongoni, anajua hapa anateremsha abiria, pale anakwenda gia ya kwanza, na kule haendi kabisa mpaka jua litoke.

Mvua za Gairo huwa zinaingia kati ya Novemba na Desemba na kukaa mpaka Aprili. Kabla hazijafika, vijiwe vinakuwa na jioni nyingi za kukaa kwenye siti na kubishana nani mkali, Simba au Yanga. Kiwanja cha mnada kipo mwendo mfupi tu kutoka hapo, na matairi mabovu yanatupwa nyuma ya kila fundi pikipiki.